Nyota za Mabegani: Majenerali na Mafildi Marshali wa Afrika Mashariki

Mapema Novemba 1914, meli za Uingereza zilitia nanga mbele ya Tanga zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India. Aliyewaongoza alikuwa Meja Jenerali Arthur Aitken. Aliyeulinda mji kwa niaba ya Wajerumani alikuwa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mwenye watu kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Kwa ngazi za kijeshi, Mjerumani huyo alikuwa chini ya mpinzani wake kwa vyeo vitatu. Baada ya siku tatu za mapigano, ambayo hata nyuki wa Tanga waliingilia kati baada ya kutimuliwa mizingani mwao, Waingereza walirudi melini mbio, wakaacha ufukweni bunduki, bombomu na risasi ambazo adui yao alizitumia kwa muda mrefu baadaye. Aitken alinyang'anywa ukamanda na kushushwa hadi Kanali.

Mwaka 1916 alikuja Luteni Jenerali Jan Smuts kutoka Afrika Kusini, naye akashindwa kumkamata Lettow-Vorbeck. Mjerumani alizunguka kusini, akavuka Ruvuma, akaingia Msumbiji, akarudi, na hatimaye akaweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vita huko Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma. Alikuwa amepandishwa kuwa Meja Jenerali. Smuts naye alikuja kupewa cheo cha juu kabisa katika Jeshi la Uingereza, Fildi Marshali, mwaka 1941.

Wazungu hawa walipanda, wakashuka, wakapanda tena. Askari wa Kiafrika waliobeba bunduki na wapagazi waliobeba mizigo pande zote mbili hawakuwa na ngazi ya namna hiyo mbele yao. Yao ilikuwa fupi, na kila mtu kambini alijua inaishia wapi.

Jeshi la King's African Rifles, KAR kwa kifupi, liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Uganda, Afrika Mashariki na Somalia ya Waingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiliongezwa kikosi cha Tanganyika, na baadhi ya waliojiunga nacho walikuwa wale wale waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, na ofisa wa Kizungu aliyetaka kueleweka alilazimika kukijifunza. Mwafrika aliingia kama askari wa kawaida, akawa koplo, akawa sajini, na akiwa na bahati, nidhamu na miaka ya kutosha, akawa sajini meja. Hapo ndipo paa lilipokuwa. Kijana wa Kiingereza wa miaka 19, aliyekuja kutimiza utumishi wake wa lazima jeshini na nyota moja begani, alipigiwa saluti na sajini meja mwenye umri wa baba yake.

Siku za mwanzo kabisa, Wasudani waliotumikia Uganda walikuwa na maofisa wao walioitwa "efendi", lakini cheo hicho kilififia. Waingereza walikifufua katika miaka ya 1950, uhuru ulipoanza kunukia, wakakiweka katikati ya masajini na maofisa. Efendi alikuwa mkubwa kuliko sajini meja yeyote, na bado alikuwa mdogo kuliko luteni usu wa Kizungu aliyefika jana. Ni kundi hilo dogo la maefendi, watu walioandika barua kwa shida lakini walioijua bunduki na gwaride kama viganja vyao, ndilo lililotoa majenerali kadhaa wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Kabla yao, hata hivyo, walitokea majenerali wa namna nyingine, na hao hawakupewa cheo na mfalme wala malkia.

Msituni Nyandarua na katika Mlima Kenya, kuanzia mwaka 1952, wapiganaji wa Mau Mau walijipangia jeshi lenye vyeo kamili. Waruhiu Itote, aliyefika Burma na KAR katika Vita vya Pili na kurudi akiwa koplo, alijulikana kama Jenerali China. Wapo walioitwa Jenerali Kago na Jenerali Tanganyika. Stanley Mathenge alikuwa Jenerali. Dedan Kimathi, ambaye jeshini alikaa muda mfupi tu, alikuwa Fildi Marshali. Huko Meru alikuwapo Fildi Marshali Musa Mwariama. Na kati ya wanawake waliokaa msituni hadi mwisho, Muthoni wa Kirima ndiye aliyefika cheo hicho cha juu kabisa.

Serikali ya kikoloni ilivicheka vyeo hivi. Lakini mwaka 1953 iliona haja ya kumleta Jenerali kamili, Sir George Erskine, kuongoza vita dhidi ya watu hao hao. Ukiangalia vizuri, vyeo vya msituni vilikuwa na kazi. Wapiganaji walitoka vijiji na koo mbalimbali, hawakuwa na mshahara, sare wala redio, na aliyewaongoza alihitaji jina ambalo amri yake ingesikika nalo kutoka bonde moja hadi jingine. Aliyepitia KAR aliyafahamu majina hayo na uzito wake. Majina ya bandia yalisaidia pia kuficha jamaa waliobaki nyumbani.

Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Jenerali China alikamatwa mapema zaidi, Januari 1954, akahukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, na baada ya uhuru akafanya kazi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Jeshi la Kenya huru halikujengwa juu yao. Lilijengwa juu ya KAR, yaani juu ya jeshi lililowasaka.

Uhuru ulipofika, hesabu ya maofisa Waafrika ilikuwa ya kutia aibu. Katika Kongo ya Wabelgiji hapakuwa na ofisa mweusi hata mmoja siku bendera ilipopandishwa, tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye kamanda wa jeshi, Force Publique, Luteni Jenerali Émile Janssens, aliandika ubaoni mbele ya askari wake kwamba baada ya uhuru mambo ni yale yale ya kabla ya uhuru. Tarehe 5 Julai askari waliasi. Ndani ya juma moja Waziri Mkuu Patrice Lumumba akamfukuza Janssens, akawapandisha vyeo askari wote, akamchukua Victor Lundula, aliyewahi kuwa sajini meja, akamfanya Meja Jenerali na mkuu wa jeshi. Mnadhimu wake akawa kijana mmoja aliyeacha jeshi miaka minne nyuma akiwa sajini meja na kugeukia uandishi wa habari. Alipewa ukanali. Jina lake Joseph-Désiré Mobutu.

Tanganyika ilikuwa afadhali kidogo. Alexander Nyirenda alikuwa amehitimu Sandhurst, chuo cha maofisa cha Waingereza, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 ndiye Luteni aliyepandisha bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni Kilimanjaro. Mirisho Sarakikya, kijana wa Meru ya upande wa Tanganyika, alipita chuo hicho hicho. Hata hivyo kamanda wa jeshi alibaki Mwingereza, Brigedia Patrick Sholto Douglas, na maofisa wakuu wengi walikuwa wa kwao.

Kisha ukaja Januari 1964, mwezi ambao karibu kila cheo katika ukanda huu kilitikiswa.

Tarehe 12, Zanzibar ilipinduliwa. Asubuhi hiyo redio ilitoa sauti ya mtu asiyejulikana na wengi, akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya bara na kujitambulisha kuwa Fildi Marshali. John Okello alikuwa Mganda kutoka Lango, aliyefika visiwani mwaka 1959 na kuishi kwa vibarua. Matangazo yake yalijaa vitisho vya kutisha kiasi kwamba hata waliokuwa upande wa mapinduzi waliyasikiliza kwa wasiwasi. Hakuwa na jeshi la kumpa cheo, na hapakuwa na Jenerali chini yake ili yeye awe juu yake. Alikuwa na watu wenye mapanga, bunduki walizoziteka kwa polisi, na maikrofoni. Kwa siku kadhaa hivyo vilitosha. Miezi miwili haikupita kabla Serikali ya Mapinduzi chini ya Abeid Karume haijamfungia mlango. Aliporudi kutoka safari ya bara hakuruhusiwa kuingia tena. Alizungushwa huku na huko, akafungwa mara kadhaa katika nchi jirani, na mara ya mwisho alionekana Uganda mwaka 1971.

Siku nane baada ya mapinduzi ya Zanzibar, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, jina jipya la KAR ya Tanganyika, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Kambi ilipewa jina la mahali huko Ethiopia ambapo KAR iliwashinda Waitaliano mwaka 1941. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara iongezwe na maofisa Waingereza waondoke. Mapema mwezi huo Rais wa Tanganyika, Mwalimu Nyerere, alikuwa ametoa waraka wa kusitisha upendeleo kwa Waafrika katika ajira za serikali, na kambini waraka huo ulisomwa kama habari mbaya. Kikosi cha Tabora kiliasi kesho yake. Tarehe 23 waliasi askari wa Jinja, Uganda, wakamshikilia waziri Felix Onama. Tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet, karibu na Nakuru.

Serikali zote tatu ziliomba msaada kwa Waingereza, na zote tatu zilisaidiwa. Tofauti ilianza baada ya moshi kutulia.

Kenya iliwaadhibu waasi, ikabaki na muundo ule ule, na kuwaacha Waingereza juu kwa miaka kadhaa zaidi huku ikiwapandisha Waafrika polepole. Joseph Ndolo alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika ukuu wa majeshi mwaka 1969. Mwaka 1971 aling'atuka baada ya jina lake kutajwa katika kesi ya njama za kupindua serikali. Jackson Mulinge, mwingine aliyeanzia KAR, alipanda hadi kuwa Jenerali kamili na Mkuu wa Majeshi kutoka mwaka 1978 hadi 1986.

Tanganyika ilifanya jambo ambalo jirani zake hawakulithubutu. Jeshi lote lilivunjwa. Sarakikya, akiwa na umri wa miaka 30 hivi na miaka michache tu ya utumishi, alirushwa juu ya ngazi kadhaa na kukabidhiwa ukuu wa jeshi akiwa Brigedia. Vijana wapya waliandikishwa kupitia Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Colito ikabadilishwa jina kuwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani Agosti 1891. Ofisa wa jeshi hili alitakiwa kuwa mwanachama wa chama. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kuchanganya siasa na bunduki. Mwalimu alikuwa na hoja yake: alikuwa ameona kwa macho jeshi lisilo na siasa linavyoweza kuikalia nchi usiku mmoja.

Uganda ilikwenda njia ya tatu. Ili kuwatuliza askari, serikali ya Milton Obote iliwapa karibu kila walichotaka. Mishahara ilipanda, na masajini wa jana wakawa maofisa wa leo. Mmoja wao alikuwa amekwisha kupanda: Idi Amin, aliyejiunga na KAR mwaka 1946, bingwa wa ndondi, efendi mwaka 1959, na mwaka 1961 mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa kamisheni. Mwenzake alikuwa Shaban Opolot. Opolot alitangulia kuwa mkuu wa jeshi, lakini mwaka 1966 Obote alimwondoa na kumweka ndani, na Amin ndiye aliyetumwa kuishambulia Lubiri, kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, mwezi Mei mwaka huo. Ndani ya miaka mitano tangu kamisheni, aliyekuwa efendi aliongoza jeshi zima. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alichukua nchi.

Hapo ndipo nyota zilipoanza kuongezeka zenyewe. Muda mfupi baada ya mapinduzi alikuwa Jenerali kamili. Julai 1975, Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alipandishwa kuwa Fildi Marshali, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumpandisha ila waliomwogopa, ni sawa na kusema alijipandisha mwenyewe. Siku hizo hizo alijitokeza kwenye tafrija akiwa ameketi kwenye kiti kilichobebwa mabegani na wafanyabiashara wa Kiingereza, akipungia watu mkono. Kifuani nishani zilijaa, mojawapo ikiwa VC, nishani ya ushujaa aliyoitunga ifanane na Victoria Cross ya Waingereza. Tanzania, Zambia, Botswana na Msumbiji zilikataa kwenda kwenye mkutano huo.

Cheo alichojivisha kina historia yake. Waingereza walikianzisha mwaka 1736, Mfalme George wa Pili alipowatunukia Duke wa Argyll na Earl wa Orkney. Kwa desturi Fildi Marshali hastaafu. Hubaki katika daftari la jeshi hadi kufa. Marekani haikukitumia, ila Desemba 1944 iliunda cheo cha nyota tano kwa ajili ya George Marshall, Douglas MacArthur, Dwight Eisenhower na Henry Arnold, akaongezwa Omar Bradley mwaka 1950, na hakuna mwingine wa jeshi la nchi kavu aliyekipata enzi za uhai wake tangu hapo. Wafaransa huwapa majemadari wao umarshali kama heshima ya taifa, si ngazi ya kazi.

Wengine walikitumia kama hongo. Tarehe 19 Julai 1940, Hitler aliwapandisha majenerali 12 kwa mpigo kuwa mafildi marshali. Januari 1943, jeshi lake likiwa limezingirwa Stalingrad, alimpandisha Friedrich Paulus naye, akijua kwamba hapajawahi kutokea Fildi Marshali wa Kijerumani aliyejisalimisha. Ujumbe ulikuwa wazi: jiue. Paulus alijisalimisha kesho yake. Kwa Stalin, kati ya mamarshali watano wa kwanza wa mwaka 1935, watatu waliangamia katika msako alioufanya yeye mwenyewe.

India na Pakistan, zilizorithi jeshi moja la kikoloni kama Kenya na Uganda, zilitofautiana pia. Ayub Khan wa Pakistan aliingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 1958, na mwaka uliofuata akawa Fildi Marshali. Sam Manekshaw wa India alingoja hadi Januari 1973, baada ya kushinda vita vilivyoizaa Bangladesh, na serikali ya kiraia ndiyo iliyomvisha. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilikuwa na Jean-Bédel Bokassa, aliyekuwa Marshali mwaka 1974 na kutawazwa mfalme wa wafalme mwaka 1977. Zaire ikafuata mwaka 1982: yule kanali wa mwaka 1960 akawa Marshali Mobutu Sese Seko.

Katika kundi hili la watawala, Amin ni wa kwanza wa ukanda wetu kukutana vitani na jeshi halisi akiwa na cheo hicho.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, yakaiteka sehemu iliyo kaskazini ya mto na kulivunja daraja la Kyaka. Mwalimu akatangaza vita. Tazama sasa mabega ya waliotumwa kumng'oa. Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo. Divisheni ya 20, iliyobeba mzigo mkubwa wa vita, iliongozwa na Meja Jenerali David Musuguri. Brigedi zake zilikuwa chini ya watu kama Silas Mayunga, aliyeitwa na askari wake "Mti Mkavu", John Walden, "Black Mamba", na Mwita Marwa.

Musuguri ndiye anayestahili kutazamwa kwa karibu. Alizaliwa Butiama Januari 1920, kijiji kimoja na Mwalimu. Alijiunga na KAR mwaka 1942 na kupigana Madagaska. Alipanda ngazi ile fupi ya wakoloni hatua kwa hatua, kwa hiyo aliwajua watu wa aina ya Amin kutoka kambini, si kutoka magazetini. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60 alipoongoza majeshi kuvuka Mutukula, ushindi uliompa jina la "Jenerali Mutukula".

Mapigano ya Lukaya, Machi 1979, yalimjaribu kwelikweli. Libya ilikuwa imemletea Amin askari, vifaru na makombora ya roketi yanayopigwa kwa mkupuo. Brigedi ya 201, yenye wanamgambo wengi ambao hawakuwahi kusikia mlio wa namna hiyo, ilitawanyika usiku kwenye kinamasi. Badala ya kurudi nyuma, Brigedi ya 208 ya Marwa iliamriwa kuzunguka kwa mbali na kuwapiga adui kutoka nyuma, huku 201 ikikusanywa upya na kurudishwa barabarani. Kesho yake Walibya walivunjika, na njia ya Kampala ikawa wazi.

Entebbe iliangukia mikononi mwa JWTZ tarehe 7 Aprili. Tarehe 10 kikosi cha watu wapatao 800 kilianza kuingia katikati ya Kampala, kikiongozwa na Luteni Kanali Ben Msuya. Tarehe 11 aliyetangaza redioni kwamba utawala wa Amin umekwisha alikuwa Luteni Kanali mwingine, Mganda David Oyite-Ojok. Fildi Marshali alikuwa tayari njiani kuelekea mashariki ya nchi, kisha Libya, na mwisho Saudi Arabia, ambako alifariki Jeddah mwaka 2003.

Jeshi lake halikushindwa kwa upungufu wa vyeo. Lilishindwa kwa sababu cheo kilikuwa kimekuwa zawadi ya utii na kabila, na maofisa waliojua kazi walikuwa wameuawa au kukimbia. Brigedia Pierino Okoya, aliyekuwa mpinzani wa Amin jeshini, aliuawa pamoja na mkewe huko Gulu tangu Januari 1970, kabla hata ya mapinduzi. Baada yake wengine wengi walifuata.

Somo hilo Waganda wengine walilichukulia kwa uzito. Yoweri Museveni alipoanza vita vya msituni mwaka 1981, National Resistance Army ilikataa vyeo vya kawaida. Wapiganaji waligawanywa tu kuwa maofisa waandamizi na maofisa wadogo, na kiongozi aliitwa kamanda. Vyeo rasmi vilitolewa mwaka 1988, miaka miwili baada ya kuingia Kampala. Fred Rwigyema, mkimbizi kutoka Rwanda, alikuwa kati ya waliopewa umeja jenerali, na ni yeye aliyeuawa Oktoba 1990 siku ya pili ya vita vya RPF, chama cha wakimbizi hao, nchini Rwanda. Tangu hapo Uganda imekuwa na majenerali kamili wengi kwa pamoja, wa kazini na wastaafu, na si wote waliopata cheo hicho kwa kuamuru vita.

Kongo ilimalizana na Marshali wake Mei 1997. Waliomwondoa ni vijana waliotoka mashariki na Laurent Kabila, wengi wao kadogo, yaani askari watoto, wakiimba na kupeana amri kwa Kiswahili katika mji mkuu ambao jeshi la Mobutu lilizoea Lingala. Mobutu alikufa Rabat, Morocco, Septemba mwaka huo.

Na Kenya? Tarehe 1 Agosti 1982 ndipo ilipochungulia shimo, katika jaribio la mapinduzi. Aliyetangazwa kuwa mwenyekiti wa baraza la mapinduzi alikuwa Hezekiah Ochuka, askari wa jeshi la anga ambaye hakuwa amefika hata ukoplo. Utawala wake ulidumu kwa saa chache. Meja Jenerali Mahamoud Mohamed aliongoza kikosi kilichokomboa kituo cha redio, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi kwa miaka kumi. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa mwaka 1987. Aliyefuata baada ya Mohamed, Jenerali Daudi Tonje, aliweka utaratibu wa vipindi vya uongozi na umri wa kustaafu ambao maofisa wa Kenya bado wanauita kwa jina lake.

Hapo ndipo tofauti kubwa inapoonekana. Jenerali Francis Ogolla alipofariki katika ajali ya helikopta Aprili 2024, Kenya ilimpandisha Charles Kahariri kuwa Jenerali na kumwapisha mwezi uliofuata, na raia waliendelea na shughuli zao. Nchini Tanzania, Jenerali Venance Mabeyo alipostaafu Juni 2022, Jacob Mkunda alipandishwa kutoka Meja Jenerali moja kwa moja kuwa Jenerali na kuwa Mkuu wa Majeshi. Aliyempandisha ni Amiri Jeshi Mkuu, Rais Samia Suluhu Hassan, raia na mwanamke ambaye hakuwahi kuwa askari.

Muthoni wa Kirima alifariki Septemba 2023 akiwa bado anaitwa Fildi Marshali na waliomheshimu. Musuguri, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi hadi mwaka 1988, alifariki Mwanza Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania hazina leo Fildi Marshali hata mmoja katika majeshi yao; cheo cha juu kinachovaliwa kazini ni Jenerali, na kwa Tanzania anayekishika ni Mkuu wa Majeshi. Kati ya wote waliotajwa hapa waliojipa cheo kinachozidi hicho wakiwa madarakani, hakuna hata mmoja aliyekiacha kwa mrithi.